Stika Ishirini na Moja Zilizobaki

Jumatatu, 6 Mei

Daftari hili nimepewa leo asubuhi na Bi Pei-chun. Jeusi, jalada gumu, lina utepe wa kuwekea alama kama kitabu cha dini. Anasema msimamizi wa mradi huandika kila siku: kilichofanyika, nani kasema nini, hatari gani iko mbele. Nimemwambia sawa, bosi. Lakini ya kwake nitamwandikia kwenye kompyuta. Hili litalala chini ya godoro langu, maana yapo mambo ambayo mkubwa akiyasoma anapata kiungulia bure.

Basi na ijulikane. Mimi Teng, umri miaka ishirini na miwili, niliyeacha shule ya ufundi mwaka wa tatu kwa sababu mwalimu wa umeme alikuwa haujui umeme, leo ni Msimamizi wa Mradi wa Mfumo Mpya katika kiwanda cha skrubu cha Mzee Hung, hapa Gangshan. Kiwanda kina watu arobaini na watatu. Wenye vyeti walikuwepo, nikachaguliwa mimi. (Mwenye cheti ni mmoja, mhasibu, naye alikataa.)

Ilianza hivi. Nilitengeneza simu ya Mzee Hung, kisha printa, kisha kamera za getini. Mzee akasema, "Huyu kijana ana mkono." Bi Pei-chun ni bintiye. Karudi mwaka huu kutoka Taipei na mkakati wa teknolojia wa miaka mitatu, kurasa sitini, michoro ya rangi. Akasema, "Basi hatua ya kwanza tumpe yeye." Hatua ya kwanza ni ghala. Mpaka leo, ukitaka kujua skrubu fulani iko rafu gani, unamuuliza Shangazi Yueh-o, ambaye ghala lile ni lake kwa mwaka wa ishirini na tisa. Hainui hata macho. Anakuambia. Kazi yangu ni kuyatoa yaliyo kichwani mwake na kuyatia kwenye mashine, ili mtu yeyote aweze kuifanya kazi ile, hata mwenye kichwa kama cha Chin-fa. Tunaanza kuutumia mfumo Jumatatu ya tarehe 3 Juni.

Mvua za plamu, zile za Mei na Juni zisizokatika, nazo zimeanza leo. Nadhani zimekuja kunishangilia.

Jumanne, 7 Mei

Mvua.

Mchana nimekula meza ya ghala kama kawaida. Ndiyo meza yangu tangu nilipofika, maana wenzangu wote jioni wana kwao, na mimi nina chumba cha bweni chenye vitanda sita na mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

"Meneja," Chin-fa akaanza. Huyu ndiye dereva wa gari la kunyanyulia mizigo. Gari lake lina breki, mdomo wake hauna. "Siku hizi tukuinamie au tukupigie makofi?"

"Vyote viwili. Anza kuinama mapema, una tumbo, utachelewa."

Shangazi Yueh-o akatoa yai lake la kahawia kwenye boksi la chakula akaliweka juu ya wali wangu. "Kula. Meneja mwembamba haaminiki."

"Shangazi, mimi si mwembamba. Mimi ni wa kisasa."

"Wa kisasa, kula yai."

Ijumaa, 10 Mei

Mkutano wa kwanza wa mradi. Mshauri wetu, Bwana Liao, yuko Taipei na tunamwona kwenye skrini kuanzia kifuani kwenda juu, kwa hiyo sijui kama huwa anavaa suruali. Kila Ijumaa natakiwa kusema rangi. Kijani, mradi uko salama. Njano, kuna wasiwasi. Nyekundu, tumekwama. Halafu nataja hatari za wiki.

Nimesema kijani. Hatari: mvua.

Jumatatu, 13 Mei

Shangazi Yueh-o kanikabidhi orodha yake ya ghala. Karatasi kumi na moja, mwandiko wa sisimizi: upande huu aina ya skrubu, upande ule namba ya rafu. Nimemuuliza mbona hakuna picha ili tuzitambue kwa sura. Kanishika mkono hadi kwenye rafu mbili jirani, kachota skrubu moja huku, moja kule.

"Ipi ngumu, ipi laini?"

Nimetazama, nimepima, nimezigonganisha, moja nimeionja. Mapacha.

"Tofauti iko ndani ya chuma," akasema. "Imepikwa tanuruni kwa muda gani. Jicho halioni. Kinachokuambia ni mahali ilipo, basi. Ukizichanganya, baiskeli ya mtoto wa mtu inakatika barabarani."

"Kwa hiyo mahali ndilo jina lake."

"Umeona? Na wewe walikufukuza shule."

"Niliacha."

"Ndivyo ninavyowaambia watu."

Jumatano, 15 Mei

Nimemaliza kuingiza orodha nzima kwa siku mbili. Bwana Liao alikadiria nane. Siri yangu ni kunakili bila kufikiri. Anayefikiri anachelewa.

Alhamisi, 16 Mei

Siku mbaya, na mbaya yenyewe imetoka kwenye printa yangu.

Bi Pei-chun aliniomba nimchapie kurasa mpya za Bwana Liao. Nimebonyeza, simu ikalia, nimepokea, nimesahau. Ukurasa wa juu kabisa ulikuwa na mchoro wa watu wadogo wa kijivu: "Ghala: leo watano, baada ya mfumo wawili." Ukakaa pale kwenye printa kuanzia saa tatu mpaka saa tano. Katika kiwanda hiki hata chafya haikai saa mbili bila kujulikana getini.

Mchana nimekwenda mezani. Hakuna aliyeniambia ondoka. Watu wa hapa hawasemi ondoka. Walikuwa tu wamekwisha kula, wote, kwa pamoja, boksi zikiwa bado nusu.

"Meneja," Chin-fa akasema akiwa amesimama, "hiyo mashine yako inakula na mguu wa kuku, au tuuchukue?"

Nimemwangalia Shangazi Yueh-o. Alikuwa anafunga boksi lake kwa mpira, taratibu, akizungusha mara mbili. "Mimi sina wasiwasi na mashine," akasema. "Nilidhani utaniambia mwenyewe, ndiyo hivyo tu."

"Shangazi, nami nimeuona ule ukurasa leo hii."

"Haya."

Ni kweli niliuona leo. Lakini sikuwa nimeuliza, na asiyeuliza ana lake jambo.

Ijumaa, 17 Mei

Kijani. Hatari: mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua tangu alfajiri. Ukuta wa bweni umeota ukungu wenye umbo la nguruwe. Nimempa jina: Liao.

Jumatano, 22 Mei

Kundi la simu la kiwandani limenyamaza siku sita. Hakuna picha ya mjukuu, hakuna maua ya asubuhi njema, hakuna Chin-fa na vichekesho vyake vya aibu. Watu hawa hawawezi kunyamaza siku sita hata ukiwalipa. Maana yake kuna kundi jingine, na lina watu arobaini na wawili.

Mimi sijali. Ninayo kazi ya kimkakati.

Ijumaa, 24 Mei

Kijani. Bi Pei-chun kauliza, "Teng, uko sawa?" Nimejibu, "Bosi, mimi na mradi tuko rangi moja."

Jumapili, 26 Mei

Kwenye mpango kuna mstari huu: "Msimamizi wa mradi na msimamizi wa ghala watembee pamoja, rafu kwa rafu, wakibandika stika mpya na kulinganisha na orodha." Saa nne za kazi. Stika ndizo zitakazosomwa na mashine za mkononi.

Nimewaita wanafunzi wawili kutoka ile shule niliyoiacha. Nimewapa bunda la stika, moja mpaka mia na kumi na saba, kwa kuwa namba ya mwisho kwenye orodha ya Shangazi ni hiyo. Nimewaambia: anzeni mlangoni, fuateni mstari, msiruke rafu. Halafu nimekwenda kukaa ofisini na chai ya maziwa.

Saa tisa wameniandikia: "Kaka, tumemaliza, zimebaki stika ishirini na moja."

Nimejibu: "Tupeni."

Kwenye mpango nimeweka alama ya vyema. Kwa daftari tu, ukweli ni huu: sikutaka kutembea saa nne na mtu asiyeongea nami.

Ijumaa, 31 Mei

Kijani, kijani, kijani. Hatari: hakuna.

Jumatatu, 3 Juni

Siku yangu. Mzee Hung kachoma udi mlangoni, kaweka matunda, na juu ya seva kaweka pakiti ya kijani ya vitafunwa, desturi ya hapa, ili mashine itii. Bwana Liao kaja mwenyewe. Suruali anavaa.

Shangazi Yueh-o ndiye wa kwanza kupewa mashine ya mkononi. Akaingia nayo ghalani, sisi nyuma yake kama msafara wa harusi. Kwenye rafu ya nne kutoka mlangoni akasimama akaitazama stika.

"Siku hizi mnaandika mpaka nne," akasema.

Wazee na nne yao ya kifo, eti kwa kuwa maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti. Hata lifti ya hospitali inaruka kutoka tatu kwenda tano, utadhani mauti hayajui kuhesabu. "Shangazi," nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "kompyuta haiogopi kufa."

Aliyecheka ni Bwana Liao.

Agizo la kwanza mashine ilimpeleka rafu fulani, akasita. "Hapa sipo."

"Mashine inasema ndipo," Bi Pei-chun akasema.

"Mashine imekuja lini?"

Akaenda rafu ya pembeni yake, mashine ikapiga kelele, jina lake likatokea jekundu kwenye skrini ya ofisini. Ndivyo tulivyoipanga: anayekataa agizo la mashine, jina linakuwa jekundu. Mpaka mchana alikuwa na nyekundu kumi na nne. Bi Pei-chun akamwita pembeni, kwa heshima kabisa, mikono miwili mbele. "Shangazi, naomba wiki moja tu tuiamini. Kila mtu huwa anakataa mwanzoni."

Shangazi akatazama mashine, akatazama rafu zake. "Haya," akasema.

Kuanzia hapo mpaka jioni hakupata nyekundu hata moja. Nimeshinda. Jioni nimekula chakula cha ushindi ofisini, mbele ya seva.

Alhamisi, 6 Juni

Kiwanda cha baiskeli cha Taichung kimepiga simu. Skrubu tulizowatumia Jumanne zimekatika kwenye mashine yao ya majaribio kama vijiti vya biskuti. Saa mbili baadaye mteja wa Tainan: naye alitaka laini, kapata ngumu. Maagizo yote yametolewa ghalani kwa jina la Yueh-o.

"Mfumo uko sawa, nimeukagua," Bwana Liao akasema kwenye skrini. "Katika miradi yote tatizo huwa ni watu."

Mzee Hung alikuwa anakuna kidole gumba kwa kingine. Shangazi Yueh-o aliitwa, akasimama mlangoni na koti la mvua mkononi.

"Nilifuata mashine," akasema. "Nadhani nilifuata. Labda nilirudia mazoea bila kujijua."

Shangazi hakuwahi kusema "labda" tangu nimjue.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika yote.

Asubuhi kwenye mkutano nimesema kijani yenye njano kidogo. Bi Pei-chun kaniagiza nipige picha za rafu kwa ajili ya ripoti ya makosa ya Shangazi. Nimekwenda saa sita na nusu, saa ya usingizi wa mchana, watu wakiwa wamelala juu ya meza zao na taa zimezimwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo ghala haliniangalii vibaya.

Nimepiga picha kutoka mlangoni hadi ukutani. Rafu ya mwisho kabisa, yenye skrubu za zamani ambazo haziagizwi tena, ina stika ya tisini na sita. Nikasema, hee. Kwenye orodha ya mwisho ni mia na kumi na saba. Nimebandua kona ya stika kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kibati cha zamani, rangi imebanduka, lakini kinasomeka: 117.

Nimerudi mlangoni nikikimbia. Rafu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya nne, nimebandua stika yangu. Chini: 5.

Hakuna nne. Aliyejenga ghala hili hakuweka nne, wala kumi na nne, wala ishirini na nne, wala arobaini yoyote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu wa hapa angeweka, hata mimi nisingeweka kwenye nyumba yangu. Orodha ya Shangazi inafuata vibati. Stika zangu zinafuata bunda. Kuanzia rafu ya nne kwenda mbele, kila stika iko mahali pa mwenzake, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyozidi kuachana. Mashine ilikuwa inampeleka Shangazi pasipo, naye alijua, akasema, na tukamwandika jekundu. Siku ile alipoitazama ile nne alikuwa ananionyesha kosa langu lote kwa kidole, mimi nikamfanyia mzaha.

Nimeketi juu ya kreti. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningeweza kulia na nisisikike. Sikulia. Nasema ningeweza.

Halafu nimefanya jambo la haraka, kama kawaida yangu. Nimepanda ofisini, nimefungua mfumo, nimebadilisha namba zote kuanzia rafu ya nne zifuate stika. Dakika kumi na tano. Taa zilipowashwa na watu kuamka, kila kitu kilikuwa sawa na hakuna aliyejua kwamba kuna siku hakikuwa sawa.

Nitamwambia Bi Pei-chun Jumatatu.

Jumatatu, 10 Juni

Sikukuu ya mashua za joka. Kiwanda kimefungwa. Bweni lote linanukia majani ya mianzi kutoka jikoni za jirani. Nimenunua wali wa kufungwa kwenye majani kutoka dukani kwenye kona, mmoja, wa kupasha moto. Nimempigia mama, ambaye sasa ana mume na watoto wengine huko Hualien. Hakupokea. Baadaye katuma picha ya katuni ya joka likipiga makasia.

Mwaka jana Shangazi Yueh-o alinifungia mitano.

Jumatano, 12 Juni

Nilidhani nikirekebisha yatakwisha. Sikiliza sasa.

Wiki nzima Shangazi alikuwa amejilazimisha kusahau mahali alipopajua na kushika mahali mashine inaposema. Tangu Ijumaa mashine imerudi kusema palepale pa zamani. Leo nimemkuta katikati ya ghala, amesimama, mashine mkononi, hasogei.

"Wiki iliyopita ilikuwa kule," alikuwa anamwambia Chin-fa. "Leo iko hapa. Na mwanzoni kabisa ilikuwa wapi?"

"Shangazi, mimi naendesha tu."

"Mama yangu alianza hivihivi. Alianza na sufuria. Anasema nimeiweka hapa, na sufuria iko kule."

Chin-fa hakutania. Kwenye kiganja cha kushoto cha Shangazi kulikuwa na namba za rafu zimeandikwa kwa kalamu, zimefutikafutika kwa jasho.

Aliniona. "Meneja," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "mashine yako iko sawa. Usiwe na wasiwasi."

Ijumaa, 14 Juni

Kijani.

Bi Pei-chun kanibakiza baada ya mkutano. Macho mekundu. "Yueh-o kaja kwangu mwenyewe. Anaomba kupumzika mwisho wa mwezi. Anasema kichwa kinamwacha, hataki watu waumie kwa sababu yake." Akakunja karatasi, akaikunjua. "Alinibeba mgongoni nikiwa na miaka mitatu. Nilijua mradi utapunguza watu. Sikujua utaanza na yeye, na kwa namna hii."

Mdomo wangu, huu unaojulikana kiwanda kizima, ulikuwa wazi. Nikaufunga, nikaaga.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua.

Jumapili, 16 Juni

Mvua. Nimejaribu kusema mbele ya ukungu wa ukutani. Liao hakujibu.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwambia Shangazi.

Nilimkuta anahesabu kreti kwa sauti, akirudia kila tatu kama mtoto. Nikamwomba aje mpaka rafu ya nne. Nikabandua stika yote, mpaka kibati kikaonekana. Nikamweleza: wanafunzi, bunda, orodha, nikamweleza na lile nililolifanya saa ya usingizi. Nilikuwa na maneno mazuri nimeyaandaa. Hayakufika.

Aligusa kibati. Akaenda rafu ya tano, akabandua mwenyewe. Ya sita. Ya saba. Akarudi.

"Kwa hiyo siku ya kwanza nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa, Shangazi. Zile nyekundu kumi na nne zote ulikuwa sawa."

"Na ulijua lini?"

"Ijumaa ile. Tarehe saba."

Akahesabu kwa vidole. "Kumi na moja," akasema. "Siku kumi na moja nimeamka kila asubuhi nikijiuliza kama leo nitamtambua mume wangu. Nimemwonyesha binti yangu hati ya nyumba iko wapi. Wewe ulikuwa ghorofa ya juu."

"Shangazi, niliogopa."

"Uliogopa nini? Watu kutokukula na wewe? Hawakuwa wanakula na wewe."

Yeye akachukua kalamu, akaandika namba kwenye kreti, akaifunga.

"Kesho, mkutano wa asubuhi," akasema. "Mbele ya wote. Si kwa Pei-chun pembeni."

Jumatano, 19 Juni

Mkutano wa asubuhi hufanywa chini ya paa la kupakilia, wote wamesimama, Mzee Hung mbele. Nimeomba nafasi. Nimesema kwamba makosa ya Taichung na Tainan ni ya stika zangu, kwamba Shangazi Yueh-o hakukosea.

"Sema kwa sauti," ilikuja kutoka nyuma, sauti ya Shangazi. "Huku hatusikii."

Nimesema tena, kwa sauti. Kwamba niliambiwa nitembee ghala sikutembea. Kwamba nilijua tangu tarehe saba.

"Tarehe ngapi?"

"Saba."

Nilitamani Chin-fa atupe neno lolote, hata tusi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha kengele ikalia na kila mtu akaenda kwenye mashine yake, na mimi nikabaki pale kama mwavuli uliosahaulika.

Ofisini Bi Pei-chun hakupiga kelele. "Ungesema siku ileile, ingekuwa nyekundu ya siku moja," alisema. "Mradi wowote unaivumilia. Mimi ninachoogopa sasa ni zile kijani zako zote. Sijui ipi ilikuwa ya kweli." Mradi umesimamishwa. Ukirudi, utaanza na Shangazi Yueh-o kutembea rafu kwa rafu, na hakuna ukurasa wa watu wa kijivu mpaka amalize. Mimi nimehamishiwa ghalani, kubeba kreti. Daftari aliniachia. Alisema, "Hilo endelea."

Ijumaa, 21 Juni

Kubeba kreti. Hakuna aliyeniuliza rangi.

Jumatatu, 24 Juni

Idara ya hali ya hewa imetangaza mvua za plamu zimekwisha. Jua lilikuwa kali mpaka lami inatoa mvuke.

Saa tatu Shangazi Yueh-o kaja na mkoba. "Unayo pikipiki?"

"Ninayo."

"Nina miadi hospitali, kwa daktari wa kumbukumbu. Niliichukua kwa sababu yako, utanipeleka wewe."

"Lakini Shangazi, sasa unajua kwamba..."

"Najua. Nikiwa macho najua. Nikilala narudi palepale. Washa."

Nimemvalisha kofia ya pili, nimeendesha taratibu kuliko siku zote za maisha yangu. Njiani nimesema mambo matatu ya kuchekesha. Hakuna lililojibiwa.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba. Mlango ulikuwa haujafungwa sawasawa. Daktari, mwanamke mwenye sauti changa, alimtajia vitu vitatu avishike, kisha akamwambia atoe saba kutoka mia, aendelee kutoa.

"Tisini na tatu," Shangazi akasema. "Themanini na sita. Sabini na tisa. Sabini na mbili. Sitini na tano. Hamsini na nane..."

"Inatosha, mama."

"Sijafika."

"Inatosha. Na vile vitu vitatu?"

Akavitaja. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kutaja ghala lake, kutoka mlangoni, rafu kwa rafu, ipi ngumu, ipi laini, ipi ya nani. Sauti ilikuwa inatetemeka mwanzoni. Alipofika thelathini na kitu ilikuwa imenyooka. Daktari hakumkatiza. Nilimsikia akiweka kalamu mezani. Alitaja zote tisini na sita, na mimi kwenye benchi nilikuwa nimeinamisha kichwa magotini, nikihesabu pamoja naye.

Alitoka akiwa anapanga risiti kwenye mkoba.

"Kasemaje?"

"Kasema niko mzima. Kasema wazee wote wangekuwa hivi, yeye angekosa kazi."

Tulitembea hadi nje kwenye jua. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtu aliyeponea chupuchupu. Nikampa kofia. Hakuipokea. Alikuwa anatazama ubao wa kituo cha basi.

"Shangazi," nikasema, "basi tuyamalize. Umenisamehe?"

Alinitazama uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Kichwa changu kinakumbuka vizuri, Teng," akasema. "Hiyo ndiyo shida yako."

Basi likaja, akapanda, akakaa upande wa pili. Nimerudi Gangshan peke yangu, kofia ya pili ikining'inia kwenye usukani na kugongagonga goti langu kwenye kila kona.